Chumba cha Watoto Kuchezea Kimegoma? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kabati

Chumba cha watoto kuchezea kikianza kusumbua, wengi wetu tunakimbilia dukani. Tunaongeza kabati, tunaongeza kikapu, tunabandika picha mpya ukutani. Wiki mbili hazipiti, hali inarudi ileile, na sasa kuna kitu kingine cha kufutwa vumbi. Hapa tutakwenda njia nyingine: tunaanza na dalili unayoiona, tunaifuata hadi kwenye chanzo chake, ndipo unaamua kama mfuko uguswe. Mara nyingi hautaguswa.

Nimeandika nikiwa na nyumba zetu za Mwanza kichwani: zile zilizochimbiwa ubavuni mwa mlima, vyumba vya kupanga vya Igoma na Buhongwa, na nyumba za Igombe au Luchelele zinazopigwa na upepo wa ziwa. Ushauri mwingi kuhusu vyumba vya watoto umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Haugusi bati linalochemka saa nane mchana, wala ukuta unaolowa kwa nyuma masika yakianza.

Kabla ya kuhamisha chochote, keti sakafuni pale mtoto anapokaa, tulia hapo kwa muda, utazame chumba kwa kimo chake. Utaona nyaya, ncha za misumari, jua linalompiga machoni, na rafu ambazo kwako ziko kifuani lakini kwake zimepita kichwa. Sehemu kubwa ya yanayofuata inaanza kujieleza hapo.

Midoli inatapakaa muda mfupi tu baada ya kupangwa

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo ambalo watoto wanagombezwa zaidi kwa kosa lisilo lao.

Angalia kwanza midoli inawekwa ndani ya nini. Kama ni kiroba, beseni lenye kina au ndoo ya rangi ya lita 20, umeshapata nusu ya jibu. Mtoto anayetaka gari lililo chini kabisa ya ndoo hana namna nyingine ila kuimwaga ndoo yote. Tafuta vyombo vifupi na vipana, ambavyo mtoto akisimama anaona hadi chini: kreti za soda, maboksi ya viatu, mabeseni mapana ya kuoshea vyombo, au matenga madogo ya nyanya yaliyosafishwa na kupigwa msasa yasichome vidole. Kila aina na chombo chake. Magari peke yake, vitofali peke yake, vyombo vya kupikapika peke yake. Usizidishe mgawanyo, ukitenga magari mekundu na ya bluu, hata wewe utashindwa kuufuata.

Kisha pima kimo. Mtoto wa miaka mitatu ana urefu wa karibu sentimita 95. Anachoweza kukishusha na kukirudisha mwenyewe bila kukwea ni kile kilicho chini ya mabega yake, yaani kama sentimita 70 kutoka sakafuni. Rafu zote zilizo juu ya hapo ni zako, si zake. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitaka meza, viti na kabati vilingane na miili ya watoto, na vitu vikae kwenye rafu za wazi wanazozifikia. Zaidi ya miaka mia imepita na bado tunanunua kabati refu lenye milango ya vioo, kisha tunashangaa mtoto harudishi kitu.

Cha tatu ni wingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha mwaka 2018 utafiti uliohusisha watoto wadogo 36. Kila mtoto alipewa nafasi ya kucheza mara mbili, mara moja kukiwa na midoli 4 na mara nyingine 16. Ilipokuwa minne, mtoto alikaa na kila mmoja kwa muda mrefu zaidi na akaubunia matumizi mengi zaidi. Ilipokuwa kumi na sita, alirukaruka kutoka huu hadi ule. Kwa hiyo gawa midoli mafungu matatu au manne. Fungu moja liwe nje, mengine yafungwe kwenye sanduku chumbani kwenu, na ubadilishe kila wiki moja au mbili. Mdoli uliopotea machoni kwa wiki tatu hurudi ukiwa mpya, na hujatoa hata shilingi.

Kama umefanya yote hayo na sakafu bado imejaa, uliza ni nani anapanga. Katika nyumba nyingi anayekusanya vitu jioni ni dada wa kazi, au bibi, na hakuna aliyewaambia magari yanakaa wapi. Wanasukumia vyote kwenye ndoo ili wafagie, na kesho mtoto anaanza upya na ndoo iliyochanganyika. Kaeni pamoja mkubaliane, kisha bandika picha mbele ya kila chombo: gari lililochorwa, sufuria iliyochorwa. Mtoto wa miaka miwili hasomi maandishi, ila picha ya gari anaijua.

Midoli ya mtumba: haraka kununua, polepole kukagua

Ukipita soko la mtumba la Mlango Mmoja wakati mzigo umefunguliwa, ni rahisi kurudi na mfuko mzima kwa bei ya mdoli mmoja wa dukani. Sina ugomvi na mtumba. Vitofali imara vya plastiki na magari mazuri ya mbao nimeyaona humo. Ila mtumba hauji na maelezo ya umri, kwa hiyo kazi ya kukagua ni yako.

Chukua kile kiini cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kizibo cha soda kinapita. Gololi inapita. Kete ya bao inapita. Macho ya plastiki ya mwanasesere, yakivutika hata kidogo, yahesabu kama yameshatoka. Hili nalisisitiza kwa sababu vizibo ni mdoli wetu wa asili: watoto wanavipanga, wanavihesabu, wanavifanya magurudumu ya gari la waya. Wakubwa waendelee navyo, lakini vikae juu na vichezewe mezani, mbali na anayetambaa.

Midoli inayolia au kuwaka, ifungue sehemu ya betri. Zile betri bapa za duara, kama za saa, zikimezwa na kukwama kwenye umio zinaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Kama kifuniko hakifungwi kwa skrubu, itoe betri kabisa na mdoli uchezewe bila sauti. Na ukishuku mtoto amemeza betri ya namna hiyo, usisubiri kuona dalili. Nenda hospitali iliyo karibu, iwe Bugando, Sekou Toure au nyingine, saa hiyohiyo.

Yanayobaki yaoshe kwa maji ya sabuni, yasuuze, yaanike hadi yakauke ndani na nje. Midoli ya kuogea yenye tundu chini hubaki na maji tumboni na kuota ukungu mweusi. Hiyo iache sokoni.

Chumba kimependezeshwa, lakini watoto wanacheza jikoni

Mtoto mdogo anacheza pale walipo watu wake. Chumba kikiwa mwisho wa korido, na mama, shangazi au dada wako upande wa jikoni, hakuna rangi ya ukutani itakayomvuta huko peke yake. Kabla ya kusema amekataa chumba, jaribu siku chache kuketi naye humo na kazi yako ya mikono, uchambue mchele au ukunje nguo. Akitulia, chanzo umekiona: ni umbali. Dawa yake ni kuhamishia kreti mbili na mkeka kwenye kona ya sebule inayoonekana kutoka jikoni, na kile chumba cha nyuma kiwe ghala la mafungu yanayosubiri zamu.

Kama hata ukiwa naye anatoka, ingia mwenyewe saa nane mchana, ufunge mlango, ukae robo saa. Chumba cha bati lisilo na dari hakikaliki muda huo. Chumba chenye dirisha la magharibi kinapigwa jua kuanzia alasiri hadi linapozama. Dari, hata ya plaiwudi, inapunguza sana joto, mradi pawe na matundu ya kutoa hewa iliyonaswa kati yake na bati. Pazia jeupe au la rangi hafifu linasaidia kuliko jeusi, na kama linaweza kuning'inizwa nje ya dirisha, kibarazani, ni bora zaidi, kwa kuwa jua linazuiwa kabla halijaingia. Kama fedha ya dari haipo mwaka huu, badilisha saa: chumba hicho kiwe cha asubuhi, na mchana watoto wawe kibarazani upande wa mashariki.

Waliopanga chumba kimoja na sebule wasijione hawahusiki. Mkeka ukitandikwa, chumba cha kuchezea kimefunguliwa, ukikunjwa, kimefungwa. Watoto wanaielewa sheria hiyo haraka kuliko sheria ya "usichezee hapa", kwa sababu mpaka wanauona kwa macho. Chagua mkeka wa rangi ambao hautumiki kwa kazi nyingine, usiwe uleule wa kulia chakula au wa kuswalia.

Rangi inavimba na kubabuka, chumba kinanuka uvundo

Hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo pesa nyingi inapopotea Mwanza, na ndipo afya ya mtoto inapoguswa moja kwa moja.

Tunaiita Jiji la Mawe, na wengi tumejenga juu ya mawe hayohayo. Ukichimba ubavu wa mlima kupata kiwanja, ukuta wa nyuma unabaki umeegemea ardhi au umekaribiana nayo sana. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei, zikinyesha, maji yanazama kwenye udongo, yanakuta mwamba yasipopita, yanaanza kusafiri juu ya mwamba hadi kwenye ukuta wako. Chumba cha nyuma ndicho kinacholowa, na kwa bahati mbaya ndicho wengi wanachowapa watoto.

Mahali doa lilipo panakueleza mengi. Doa lililoanzia sakafuni na kupanda hadi kimo cha paja au kiuno, likiwa na ungaunga mweupe wa chumvi kwenye mpaka wake wa juu, ni maji yanayopanda kutoka msingini. Kwa kawaida ile nailoni inayolazwa juu ya msingi, ambayo mafundi huiita DPC, haikuwekwa au imetoboka. Doa la juu, karibu na dari, ni bati au gata. Doa chini ya dirisha ni maji ya mvua yanayopenya kwenye kizingiti. Vidoti vyeusi kwenye kona na nyuma ya kabati, bila rangi kuvimba, mara nyingi ni mvuke wa ndani uliokosa pa kutokea.

Ukiwa na shaka, fanya kipimo hiki. Kata kipande cha nailoni angavu, futi moja kwa futi moja, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasibaki upenyo. Kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa mbele unaotazama chumba, ukuta hauna hatia. Tatizo ni hewa nzito ya chumbani, nguo zinazoanikwa ndani au dirisha lisilofunguliwa. Rudia kipimo hichohicho sakafuni kabla ya kutandika mikeka ya sponji.

Sasa kosa linalofanywa kila mara. Mzazi anaona rangi ya maji inababuka, anashauriwa apige rangi ya mafuta "ili ukuta ufutike". Kwenye ukuta mkavu ushauri huo ni mzuri sana, na nitaurudia mbele. Kwenye ukuta unaolowa, rangi ya mafuta inaziba njia ya maji kutoka, yanajikusanya nyuma yake, na mvua zinazofuata inavimba malengelenge na kudondoka vipandevipande. Mtoto anayetambaa anaviokota na kuvitia mdomoni. Rangi za zamani, hasa za mafuta, zinaweza kuwa na risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowesheni, itandikiwe nailoni chini, watoto wawe nyumba nyingine siku hiyo, na sakafu ipigwe deki mara mbili kabla hawajarudi.

Matibabu yanaanzia nje. Nyuma ya ukuta ulioegemea mlima chimba mtaro ambao kina chake kinazidi usawa wa sakafu ya ndani, uupe mteremko hadi pembeni mwa nyumba, uujaze kokoto au uusakafie. Udongo usigusane na ukuta. Maji ya bati yakusanywe kwa gata, yasidondokee miguuni mwa nyumba. Baada ya hapo kwangua plasta iliyooza, acha ukuta ukauke kabisa. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kazi hii; fundi anayekuahidi kumaliza yote kwa wikiendi moja ya Aprili anakupotezea fedha. Plasta mpya nayo iache kama wiki nne kabla ya rangi.

Ukungu mweusi uoshe kwa maji ya sabuni, kisha jiki iliyochanganywa na maji, madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa nje. Jiki usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya chooni. Mvuke wake ni sumu. Na hadi chumba kitakapokauka, mtoto mwenye pumu au kikohozi kisichoisha asichezee humo, hata kama ndicho chumba chenye michoro mizuri kuliko vyote.

Mikeka ya sponji ile ya kuunganisha inapendwa, na kweli inazuia maumivu ya kuanguka. Lakini ikiwa juu ya saruji yenye unyevu, chini yake panaota ukungu bila mtu kujua. Inyanyue kila wiki, iegemeze ukutani ipigwe hewa, ioshe na kuianika kivulini. Kapeti la plastiki lina tabia hiyohiyo, tena kwake ni vigumu zaidi kugundua kwa kuwa limegandamizwa na kabati. Kama kipimo cha nailoni kimeonyesha matone, mkeka wa ukili unaokunjwa kila jioni ni salama kuliko vyote viwili.

Jioni chumba kinajaa wadudu

Tofautisha kwanza. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kuletwa mjini na upepo, hawaumi. Wanaufuata mwanga na wengi wao wanakufa muda mfupi baadaye. Asubuhi unawakuta marundo chini ya taa. Wafagie kwa kitambaa kibichi, usiwapeperushe, kwani vumbi lao linawakera wenye pumu. Kuwapunguza ni suala la mwanga: giza likianza kuingia zima taa ya chumba cha watoto kama hakuna mtu, tumia taa ya mwanga wa njano badala ya mweupe mkali, na acha taa moja nje, mbali na dirisha, iwavute huko. Wavu wa dirishani uwe wa matundu madogo sana. Ule wa kawaida wa mbu baadhi yao wanaupenya.

Mbu ni habari nyingine, na Kanda ya Ziwa malaria haijatuacha. Tembea nje ya dirisha la chumba hicho ukatazame maji yaliyotuama: ndoo ya kuchezea iliyoachwa wazi, tairi, kifuu, sahani ya chungu cha maua. Mwaga, pindua. Watoto wakizoea kusinzia kwenye mkeka jioni, chandarua kining'inizwe humo pia. Dawa ya kupuliza isipulizwe midoli ikiwa wazi, kwa sababu mdoli wa mtoto mdogo unaishia mdomoni.

Mchanga kila mahali

Kama upo karibu na ufukwe, weka doria mlangoni: gunia lililokunjwa, beseni la maji, na sheria kwamba viatu haviingii. Inatosha.

Ila kuna jambo la maji. Watoto wanapenda sinia la maji la kuchotea na kumimina, na ni mchezo mzuri mno siku ya joto. Maji hayo yawe ya bomba. Maji yaliyochotwa ziwani muda huohuo yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, vinavyoingia mwilini kupitia ngozi bila mtoto kuyanywa. Asiye na njia nyingine ayahifadhi kwenye chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, kwa siku mbili kamili kabla ya kuwapa watoto. Na mwenye mtoto mdogo asimwache na beseni la maji hata kwa dakika ya kufungua geti.

Kuta zimechorwa, au zimejaa picha na watoto hawatulii

Mtoto anayechora ukutani hajapewa ukuta wake. Mpe. Kopo dogo la rangi nyeusi ya ubao, ileile inayopakwa kwenye mbao za shule, linatosha sehemu ya mita moja ya chini upande mmoja wa chumba. Kuta nyingine, zikiwa kavu, zipigwe rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi mita moja, kama yalivyo madarasa yetu mengi, na juu ya hapo rangi ya maji. Alama za kalamu zinafutika kwa kitambaa na sabuni.

Kuhusu mapambo, punguza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walifundisha watoto 24 wa chekechea masomo sita, mengine katika chumba kilichojaa mapambo na mengine katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapambo mengi watoto walitazama huku na huko zaidi na wakajifunza kidogo zaidi. Ule ulikuwa wakati wa masomo, nami sisemi chumba cha michezo kiwe kama wodi. Lakini kama mtoto wako anarukia kila kitu bila kumaliza kimoja, ondoa picha kwenye kuta tatu, ubakize ukuta mmoja, uone wiki ijayo.

Kwenye ukuta huo mmoja, ningependa kuona vitu vya kwetu. Wanyama wa msituni wa katuni za nje wamejaa kwenye stika za dukani, ilhali mtoto wa Kirumba anaona mitumbwi, sangara anayebebwa begani, mawe yaliyopandiana pale Bismarck, meli ikiingia bandarini. Wachoreni wenyewe. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 lilikuwa gumzo la kanda nzima. Mpe mtoto kipande kirefu cha boksi na vitofali vyake, atalijenga mara ishirini bila kuchoka.

Wanagombana humo kuliko mahali pengine

Chora ramani ya chumba kwenye karatasi na uangalie njia. Kama anayejenga mnara wa vitofali yuko katikati ya mlango na kreti ya mpira, mnara utaangushwa kila siku na ngumi zitarushwa kila siku. Hamisha ujenzi kwenye kona isiyopitwa, michezo ya kuruka iwe karibu na mlango. Wakubwa wapewe meza ambayo mdogo haifikii; ugomvi mwingi wa ndugu ni kazi ya mkubwa kuharibiwa na mikono ya mdogo, naye mkubwa ana haki ya kulindwa. Kwa kile kitu kimoja kinachogombewa, kama ni cha bei nafuu, nunueni viwili vinavyofanana kabisa, hata rangi.

Kelele zinawafikia majirani

Sakafu ya marumaru na kuta tupu zinarudisha sauti. Mkeka mnene, pazia zito na rafu yenye vitu laini vinaimeza. Lakini kama nyumba mliyopanga haina dari, sauti inapita juu ya kuta hadi chumba cha jirani, na hapo kitambaa hakitasaidia sana. Kubalianeni na jirani saa za michezo ya kelele, michezo ya kimya kama mdako na kuchora ibaki usiku.

Kabati linayumba

Hii usiipeleke kesho. Watoto wanakwea rafu kama ngazi, na kabati la droo, droo zote zikivutwa, linaanguka mbele hata kama likiwa tupu linaonekana zito. Lisukume kidogo kwa mkono mmoja kutoka juu. Likicheza, tafuta sababu: sakafu isiyo sawa inahitaji vipande vya mbao chini ya miguu ya mbele, ili uzito uelemee ukutani; vitu vizito vilivyopangwa juu vishushwe chini; televisheni isiwekwe juu ya kabati la midoli.

Kisha lifunge kwa vyuma vya pembe viwili. Kama skrubu inazunguka tupu au inatoka na unga, umetoboa kwenye plasta laini au kwenye kiungo cha matofali. Hamisha tundu sentimita chache hadi uguse tofali lenyewe, tumia plagi ndefu ya ukutani, na upande wa kabati skrubu iingie kwenye mbao ngumu ya fremu, si kwenye ile bodi nyembamba ya mgongoni. Ning'inia kwa mkono uone.

Nyumba za ghorofa na zile za mteremkoni zina jambo moja la ziada: usiweke kreti, kiti wala rafu chini ya dirisha au karibu na uzio wa baraza, na mwanya kati ya nondo za uzio usizidi sentimita 10. Nondo za kulala ni ngazi kwa mtoto. Zizibe kwa ndani kwa ubao laini au wavu mgumu. Na pale ambapo ukuta umegoma kabisa kushika skrubu, rudisha kabati kwa wakubwa, watoto wapange midoli yao kwenye kreti zilizolala sakafuni safu moja tu.